Ramani ya Stoo Tupu

Jumamosi iliyopita tulimwacha Mpimaji juu ya ngazi ya futi kumi na mbili, skana ya kusomea lebo za katoni mkononi, jasho likimchuruzika shingoni, na kioo kidogo cha skana hiyo kikimwambia maneno mawili tu: Hakuna mtandao. Msomaji aliyemwonea huruma na aendelee kumhurumia. Yule aliyecheka naye hakukosea sana.

Chini ya ngazi walisimama watu wanne. Mama Mwenye Kiwanda alimtazama Mpimaji. Binti yake, Karani wa Oda, aliitazama ngazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeishika isianguke. Bwana Mnunuzi, aliyetumwa na hospitali kumi na moja kuchagua kiwanda kitakachoziletea maji ya kunywa, aliitazama saa yake. Na Mjomba wa Stoo, kaka mkubwa wa Mama, aliyeitunza stoo ile kwa daftari na penseli kwa miaka ishirini na saba, aliitazama dari kwa utulivu wa mtu asiye na nguo kwenye kamba, mvua inyeshe au isinyeshe.

"Saa tano na robo," alisema Mnunuzi. "Niliahidi kuamua saa sita kamili. Saa sita yangu haijawahi kuwa na dakika moja juu yake."

Sharti lake lilijulikana tangu mwezi uliopita. Angetaja namba ya bechi, ile inayopigwa kwenye kila katoni siku maji yanapojazwa chupani, na kiwanda kingezifikia katoni hizo ndani ya dakika kumi, huku kompyuta ikieleza ni ngapi zimebaki na ngapi zimekwisha kutoka. Maji yakileta madhara wodini, hospitali haiwezi kungoja mtu alambe kidole afungue ukurasa. Kiwanda kikifaulu, mashine ya pili ya kujaza chupa, iliyofunikwa turubai tangu mwaka jana, ingewashwa. Kikishindwa, hata ile ya kwanza ingelala nusu ya wiki, na wafanyakazi pamoja nayo.

Mpimaji alishuka taratibu, ili apate muda wa kufikiri. Jina lake hilo alilipata kwa sababu ya kauli moja aliyoipenda mno: "Sifungi kitu nisichokipima." Naye kweli alikuwa amepima. Siku nzima alitembea na kifaa chake stoo nzima, hatua kwa hatua, kisha akachora ramani ya rangi: kijani mahali mtandao ulipo na nguvu, njano ulipofifia. Ramani yake ilikuwa kijani kutoka ukuta hadi ukuta, kama uwanja wa mpira siku ya ufunguzi.

"Taa za ruta zote zinazorusha mtandao zinawaka," alisema alipofika chini. "Basi kuna mtu ameingilia mitambo."

"Mtu gani?" aliuliza Karani.

"Mwenye ufunguo wa kabati."

Funguo za kabati la mitambo ya mtandao zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa mfukoni mwa Mpimaji. Wa pili ulikuwa kwa yule mzee ambaye, wiki mbili zilizopita, tulimwona akitoka kwenye chumba cha kabati na kuurudisha mlango kwa upole usio wa kawaida yake.

"Mjomba, samahani," alisema Mpimaji. "Jumanne ulilifungua kabati la mitambo?"

"Nililifungua."

"Na jana?"

"Na jana. Na leo asubuhi pia, nikusaidie kumaliza."

"Kaka," alisema Mama kwa sauti ya chini.

"Nini? Kaniuliza, namjibu."

"Ulichomoa nini?" aliuliza Mpimaji.

"Koti langu."

Wote wakaenda kutazama. Kabati lilipofunguliwa, nyaya zilikuwa zimelala kama Mpimaji alivyozilaza, kila waya na kijikaratasi chake cha jina, na juu yake, kwenye msumari ambao Mpimaji hakuupigilia, lilining'inia koti la kahawia, kavu na lililonyooka.

"Kabati lako lina joto zuri, Mhandisi," alisema Mjomba. "Koti likilowa alfajiri, saa nne limekauka kama limetoka kwenye pasi. Miaka yote hii kiwanda hakijawahi kunipa cha kukaushia nguo. Nilitaka nikushukuru, nikaona utavimba kichwa."

Mpimaji alihisi masikio yake yakipata moto kuliko kabati. Hakuwa mtu wa kuomba radhi kirahisi, lakini alilelewa kwamba kosa la hadharani halimalizwi pembeni.

"Mjomba, nimekukosea mbele ya watu. Naomba radhi mbele ya watu haohao."

"Nimekupa," alijibu Mjomba. "Koti usiliguse."

Saa tano na dakika ishirini na moja. Mnunuzi alitoka nje kupiga simu.

Karani aliichukua skana mkononi mwa Mpimaji bila kuomba, akaenda nayo hadi mlango wa stoo. Pale mlangoni mtandao ulikuwa umejaa. Akaingia hatua tano, ukapungua. Alipopita kati ya safu ya tatu na ya nne, ambako katoni zilipangwa juu ya paleti hadi karibu na dari, ukazimika kabisa. Akarudi nyuma hatua nne, ukaamka. Akasonga tena, ukafa.

"Siku ulipopima," aliuliza, "hizi paleti zilikuwa wapi?"

Swali lilikuwa dogo. Mpimaji aliikumbuka siku ile vizuri kabisa. Alikumbuka sakafu iliyong'aa. Alikumbuka jinsi viatu vyake vilivyokuwa vikiitikia ukutani kila alipokanyaga. Alidhani ni msimu wa biashara mbaya, akaona si adabu kuuliza.

"Mjomba," aliita, na sauti yake ilikuwa imepungua kama ule mtandao. "Siku nilipokuja kupima, maji yalikuwa wapi?"

"Uani, chini ya turubai." Mjomba alijiweka sawa mabega, hatimaye mtu alikuwa ameuliza. "Niliyatoa mimi. Katoni elfu tatu na mia mbili. Tulianza Alhamisi, tukamaliza Ijumaa jioni, tukafagia, tukapiga deki. Dada aliniambia anakuja mtaalamu kuipima stoo. Sasa mtu anakuja kukupimia nyumba, utamwacha aruke masufuria?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba nimefagia? Ungeniona mtu wa kujisifu."

Hapo ndipo Mpimaji alipokaa juu ya paleti, jambo ambalo sheria zake mwenyewe, zilizobandikwa mlangoni, zililikataza.

"Mama," alisema, "mawimbi ya mtandao hupita kwenye hewa. Kwenye katoni tupu hupita. Hata ukuta mwembamba huupita, ingawa kwa shida. Lakini maji huyameza. Mimi nilipima stoo tupu, nikapanga mtandao wa stoo tupu, nikazifunga ruta darini. Sasa stoo imejaa maji, na ruta zangu zinazungumza na mapaa."

Mjomba alilitafakari hilo kwa makini.

"Kwa hiyo," alisema, "tunao mtandao mzuri sana wa kuuzia hewa."

Karani alikohoa ndani ya kiganja. Kikohozi hicho Mpimaji alikifahamu; alikuwa amekisikia tangu juma la kwanza la kazi, na kila aliposikia alijua kuna mtu anachekwa na kwamba mtu huyo ni yeye.

"Hizo ruta haziwezi kushushwa?" aliuliza Mama.

"Zinaweza. Zishushwe, zifungwe kwenye vichwa vya njia, kila njia ipate yake, ili mawimbi yapite katikati ya safu badala ya kutoka juu. Ni kazi ya siku mbili."

"Tuna dakika thelathini na tatu."

"Najua, Mama."

"Hali ya bila mtandao," alisema Karani.

Msomaji wa tangu mwanzo anajua kwamba maneno hayo hayakuwa mapya. Katika kikao cha kwanza kabisa Karani aliuliza kama skana zinaweza kufanya kazi hata mtandao ukikosekana, na mtu mmoja alimjibu kwa tabasamu la mtaalamu.

"Ulinijibu nini siku ile?" aliuliza Karani. "Nimesahau kidogo."

"Hujasahau."

"Ulisema, 'Dada, mtandao wangu hauna kona ya gizani.'" Aliyasema kwa sauti nzito ya Mpimaji, na kidevu akakiinua vilevile.

"Nilisema hivyo."

"Uliifuta hiyo hali, au uliizima tu?"

"Niliizima."

"Basi iwashe, tutachekana baadaye."

Akaiwasha. Ilichukua dakika sita, na katika dakika hizo Karani alimweleza mjomba wake jambo lenyewe kwa maneno machache. Skana ingepakia orodha ikiwa pale mlangoni penye mtandao. Kisha ingeingia ndani nayo, isome lebo kulekule gizani, iyaweke yote tumboni. Ikirudi mlangoni, ingeyatoa yote kwa kompyuta kwa pumzi moja.

"Yaani inaandika huko ndani, halafu ikitoka ndipo inasema," alisema Mjomba.

"Ndiyo, Mjomba."

"Kama daftari langu."

"Kama daftari lako," alikiri Mpimaji.

"Sikukusikia vizuri, Mhandisi, hapa pana mwangwi."

"Kama daftari lako, Mjomba."

Mjomba aliridhika, akarekebisha kofia yake. Kofia hiyo hakuna aliyewahi kumwona ameivua, si mbele ya Mama, si mbele ya mkaguzi wa afya.

Mama alimvuta Mpimaji pembeni. "Sikiliza, mwanangu," alisema haraka. "Mnunuzi hajui kilichotokea. Alipotoka nje alikuwa amekuona juu ya ngazi na kabatini tu. Mwambie mpango ulikuwa huu tangu mwanzo. Si uongo mkubwa."

Mpimaji alimtazama Mama, akaitazama mashine iliyofunikwa turubai nyuma yake. Lilikuwa jambo rahisi. Lingesemwa kwa sentensi moja, na sentensi yenyewe alikwisha kuipata, tena nzuri. Lakini mtu anayeishi kwa kupima akikubali mara moja kusoma kipimo kisivyo, kifaa chake kinabaki kuwa pambo.

"Mama, unisamehe," alisema.

Akaenda moja kwa moja hadi kwa Mnunuzi, akasimama wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu.

"Bwana, mtandao wa ndani ya stoo haufanyi kazi. Nilipima stoo ikiwa tupu, na sikuuliza kwa nini ni tupu. Kosa ni langu. Kuurekebisha ni siku mbili. Kwa leo tutatumia skana bila mtandao, na zitasema zikifika mlangoni. Dakika zako kumi tutazitimiza. Lakini nisingependa uamini kwamba ndivyo nilivyopanga."

Mama alifumba macho. Mnunuzi alitoa kalamu, akaandika kwenye kijitabu chake mstari mrefu, kisha mwingine. Hakuonyesha alichoandika.

"Bechi mia nne na kumi na nane," alisema. "Dakika zinahesabika."

Nani aingie? Karani alimtazama Mpimaji, Mpimaji akamtazama Karani, kisha wote wawili wakamtazama mtu mmoja.

"Kwa vidole hivi?" aliuliza Mjomba.

"Ni kitufe kimoja tu, Mjomba."

"Hata mwanamke niliyemwoa niliambiwa ana tabu moja tu." Lakini aliipokea skana, akaiweka kwapani kama daftari, akaingia.

Mpimaji alihesabu sekunde. Alijua kwamba namba za safu zilizokuwa ndani ya kompyuta zilitoka katika daftari la mzee huyo. Karani alikuwa amezichapa ukurasa kwa ukurasa, jioni kumi na mbili mfululizo. Kama mzee alikosea mahali, kompyuta nayo ingekosea, kwa heshima zote.

Dakika ya tano ilipita. Ndani, mahali fulani, skana ililia tii. Ikalia tena. Kisha ikalia mara ya tatu, ya nne, ya tano.

"Anasoma nini?" alinong'ona Mama. "Si ni paleti mbili tu?"

Mjomba alitokea, katoni moja begani. Alipokanyaga kizingiti, skana ilitetemeka mkononi mwake, na kwenye kompyuta ya Karani mistari ikajipanga: bechi mia nne na kumi na nane, safu ya saba, katoni themanini na nne, kumi na sita zimekwisha kutoka. Katoni ya begani ilikuwa na namba hiyohiyo. Dakika saba na nusu.

"Na hii bechi mia nne na ishirini, na mia nne na thelathini?" aliuliza Karani, akisogea kwenye kioo. "Hizi hazikuombwa."

"Zilikuwa njiani," alijibu Mjomba, bila kumtazama mtu. "Nikaona nizisalimie."

Mnunuzi aliipokea katoni, akailinganisha na kioo, akaandika tena. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na moja. Mpimaji alithubutu kupumua.

"Jana asubuhi," alisema Mnunuzi, "nilikuwa kwa jirani yenu."

Pumzi ikarudi ndani. Kiwanda cha jirani kilikuwa nyuma ya ukuta uleule. Majengo yote mawili yalijengwa na mtu mmoja kwa mchoro mmoja, hata milango ilifanana. Jirani naye aliuza maji. Jirani naye aliitaka kazi ya hospitali.

"Mtandao wao ulikuwa hauna kasoro," aliendelea Mnunuzi. "Kila kona. Nilizunguka stoo nzima nikipiga simu ya picha na mke wangu, haikukatika. Stoo ilikuwa safi, imepigwa deki, tupu kama uwanja. Nikawauliza maji yako wapi. Wakaniambia yako njiani."

Mjomba aliteremsha skana mezani polepole sana.

"Sikuelewa kwa nini hilo lilinikera," alisema Mnunuzi. "Leo huyu kijana amenielewesha. Kazi hii ningekupeni sasa hivi, ila kuna jambo moja." Alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaitandaza. Ilikuwa nakala ya ramani. Ilikuwa kijani kutoka ukuta hadi ukuta. "Jirani alinipa hii, aliniambia ni kazi ya mtaalamu wake. Chini kuna alama ya mpimaji. Si ni yako?"

Mpimaji aliinama. Alama ilikuwa yake. Herufi za safu zilikuwa zake.

"Sijawahi kukanyaga kwao," alisema.

"Na hapa, kwenye kona ya ofisi, kuna maneno ya mkono." Mnunuzi alivaa miwani, akasoma kwa sauti ileile aliyosomea masharti ya mkataba: "'Hapa nimeongeza ruta moja. Hesabu haikuihitaji. Mimi nimeihitaji.'"

Mama aligeuka kumtazama binti yake, ambaye meza yake ilikuwa kwenye kona hiyo hasa. Kisha akamgeukia Mpimaji, ambaye kwa wakati huo angefurahi kurudi juu ya ngazi.

"Jirani ameitii ramani," aliongeza Mnunuzi. "Ameweka ruta kwenye kona hiyohiyo. Kwake ni chumba cha mafagio. Nilipouliza kwa nini, alisema ndivyo utaalamu ulivyoagiza."

Kikohozi cha Karani safari hii hakikuja. Maneno yale Mpimaji aliyaandika kwenye nakala moja tu, na nakala hiyo alimpa mtu mmoja tu, mkononi, bila kumtazama usoni.

"Mimi sikipi mkataba wa hospitali kiwanda ambacho siri zake zinaruka ukuta," alisema Mnunuzi. "Leo ni ramani, kesho ni namba za bechi za maji ya wagonjwa. Nielezeni karatasi hii ilitokaje hapa, nami nitasaini. Mna dakika nane."

"Nakala yangu ninayo," alisema Karani. Akasukuma ufunguo kwenye droo ya meza yake.

Droo ikafunguka. Ramani ilikuwemo.

Mpimaji alianza kutabasamu, kisha akaona kwamba Karani hasogei. Alikuwa ameishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akiitazama mikunjo yake.

"Mimi niliikunja mara moja tu," alisema taratibu. "Hii imekunjwa mara nne." Akaikunja tena kwa kufuata mikunjo hiyo, ikawa ndogo, kiasi cha kuingia vizuri kwenye mfuko wa koti.

Macho ya Mpimaji yalikwenda yenyewe kwenye mlango wa kabati la mitambo. Akayarudisha upesi. Alikwisha kumtuhumu mzee huyo mara moja asubuhi ile, kwa haki ambayo hakuwa nayo, na aliapa moyoni kwamba mara ya pili hatafungua kinywa, hata saa sita igonge.

Haikumlazimu. Mjomba wa Stoo aliinua mkono, na mbele ya Mama, mbele ya Mnunuzi, mbele ya wote, akaivua kofia yake.

"Kabla hamjaanza kutazamana ninyi kwa ninyi," alisema, "nitazameni mimi."